Mwenye Matawi Katika Miti ya Watu

Fundi akiingia kwenye ploti ya mtu, hakuangalia mlango wala wenye nyumba. Aliangalia juu. Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amesimama katikati ya ploti niliyokuwa nikiitunza karibu na steji ya 56 pale Kawangware, shingo imelala nyuma, mdomo wazi, nami nikadhani ni mwizi wa nyaya za stima anapima kazi yake. Nilimwendea na rungu.

"Unatafuta nani hapa?"

"Natafuta mwenye hii muti," akasema, bila kunitazama.

Nikamwambia mwenye mti ni mwenye ploti, mwenye ploti ni shosho, bibi mzee anayekaa Riruta, na mimi ndiye keateka, kwa hivyo maneno yote yanapitia kwangu. Nilipenda sana kusema hivyo siku hizo. Ndipo akashusha macho, akanisalimu kwa mikono miwili, akasema, "Muti haina mbaya. Ni kichwa yake njo iko mbaya. Tutaibadilisha kichwa."

Watu walimwita Fundi wa Miti, na baadaye Fundi tu. Jina hilo hakulipenda. Kwao Kongo alikuwa amesomea miti, akivaa shati jeupe kazini na kuwa na watu chini yake. "Fundi ni wa viatu," alikuwa akinung'unika. Lakini huku kwetu mtu akijua kufanya kitu kwa mikono yake ni fundi, na akibishana anakuwa fundi mwenye mdomo. Akazoea. Kuhusu kuzaliwa kwake na watu wake sina la kusema, maana sikuuliza na yeye hakujitolea. Alinipa sentensi moja tu, siku tukichekecha udongo: kwamba vyeti vyake vya shule vilibaki kwenye nyumba, na nyumba ikabaki bila paa. Nikaona imetosha.

Mti wetu ulikuwa avokado ya kienyeji, na ulizaa sana bila maana yoyote. Tunda lote lilikuwa kokwa, nyama kidogo, na hiyo nyama imejaa nyuzi. Yalipoiva yaliangukia mabati mchana kutwa. Mama Brayo, mpangaji wa chumba cha chini yake, alisema ni kama kukaa na majirani wanaokurushia mawe, na kila wiki alinidai niukate.

Fundi hakutaka pesa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Alieleza kwamba atakata kichwa cha mti kidogo kidogo, apandikize vijiti vya Hass, ile avokado nzuri ya ngozi nyeusi, na mwaka wa tatu tutakula.

"Na wewe unapata nini?" nikamuuliza.

"Tunda zote ni zenu. Lakini tawi moja ni yangu. Nitaichagua mimi. Hamutaikata, hamutafunga kamba ya manguo kwake."

Nilimpigia shosho simu. "Tawi ni kitu gani?" akasema. "Wacha achukue tawi, bora mti isivunje mabati yangu."

Baadaye nilielewa. Mtu wa kupandikiza anahitaji mti mzuri uliokomaa ambao kila msimu atakatia vijiti vya kubandika kwenye miche yake. Mti kama huo hukaa ardhini, na Fundi hakuwa na ardhi, hata ya kujaza ndoo. Kwa hivyo alitibu miti ya watu na akalipwa tawi. Kwetu Vihiga mtu asiye na malisho huweka ng'ombe wake kwa rafiki, na ukipita njiani huwezi kujua ng'ombe yupi ni wa nani. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na matawi Kawangware, Riruta, na kushuka mpaka upande wa Kibera, kila moja limepakwa mstari wa rangi ya buluu, na aliyazungukia akiyakagua huku mikono iko nyuma.

Mwaka wa tatu tulikula kweli. Hata Mama Brayo alinyamaza. Kitu kilichomchekesha kila mtu ni kwamba tawi la Fundi halikuzaa, kwa sababu alilikatakata kila msimu.

"Yaani Fundi, kwa mti mzima wewe ndio uliona uchague tasa?" Mama Brayo akamtania.

"Yangu inazaa miti, mama. Nyinyi kuleni mafuta."

Na yeye mwenyewe hakula avokado. Alisema ina ladha ya sabuni. Nimemwona akikataa kipande alichomegewa na mteja aliyekuja kumshukuru, akitafuta pahali pa kukificha kama mtoto aliyepewa dawa.

Kabla ya miti ya watu alibeba mawe ya mjengo kule Kibera. Alikaa Silanga, na njia yake ya asubuhi ilipita kando ya mashamba madogo yaliyo karibu na bwawa, ambapo Mama Atieno alilima sukuma wiki na managu. Siku moja alisimama na karai lake kichwani akamwambia sukuma yake imebanana. Mama Atieno ni Mjaluo wa maneno makali, na hadithi hii nimeisikia kutoka kwake mwenyewe.

"Nikamuuliza, wewe ni nani? Umewahi kula sukuma yangu ikakushinda?"

Kesho yake Fundi alipita mapema, akang'oa mche mmoja na kuacha mmoja kwenye mstari mzima, bila ruhusa ya mtu. Mama Atieno alimfukuza kwa jembe hadi barabarani. Baada ya wiki tatu alitembea mpaka kwenye mjengo, akamwita mbele ya wenzake, akamwambia, "Kuja umalize ile ingine." Mstari uliopunguzwa ulikuwa umetoa majani mapana kuliko mistari miwili iliyosongamana. Alimpa pembe ya shamba na makopo ya kuoteshea miche, na hapo ndipo kazi yake ya Nairobi ilipoanzia.

Hakuisahau pembe hiyo. Hata baada ya kuhamia Kawangware na kupata kitalu cha kukodi kando ya barabara, kila Jumamosi alikwenda Silanga kwa miguu kumlimia Mama Atieno bure. Alikwenda na malaria. Alikwenda siku ya maandamano. Ukimtaka Jumamosi, ungempata Silanga, na ukitaka kufanya jambo bila yeye kujua, Jumamosi ndiyo siku.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa bahili wa maji kupita kiasi. Maji ya kuoshea vyombo ya ploti nzima aliyachukua yeye kwa miche, na ukisuuza kikombe kwenye bomba alikukodolea macho hadi ufunge. Alihubiri subira kwa wateja, akawaambia mti hauna mguu wa kukimbia, lakini yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Aliinywa ya moto, akaungua, akalaumu kikombe. Kisu chake cha kupandikizia hakumwazima mtu, ila yeyote aliyekaa kumtazama alipewa kisu cha jikoni na mche wa kuharibu. "Haribu," alisema. "Ukiharibu ishirini utajua." Mimi niliharibu zaidi ya hiyo ishirini. Lakini nilijifunza kuchagua kijiti, unene wa penseli, macho ya kuchipukia yamevimba bila kufunguka, na kukifunga kwa gazeti lililolowa ili kisife njiani.

Aliogopa sare. Kitambulisho chake cha mkimbizi kilikuwa ndani ya plastiki, kimefungwa kwa pini ndani ya shati, na akiona askari yeyote, hata wa mlango wa supamaketi, mkono ulikwenda kifuani. Siku wachuuzi wa kando ya barabara walipoondolewa kwa nguvu, miche yake ilikanyagwa. Wenzake walipiga kelele, wengine wakalia. Yeye alichuchumaa akarudisha udongo kwenye karatasi za miche, moja moja, kimya, kana kwamba kila mtu mwingine ndiye mgeni. Na mtu huyohuyo Jumapili aliimba besi katika kanisa dogo la mabati kule Riruta kwa sauti iliyowazidi wanakwaya wote, wala hakujali kwamba ameuingia wimbo kabla ya wenzake.

Nilimuuliza kwa nini asirudi mjengo, ambako hakuna wa kukanyaga kitu chake. Akaniambia anataka cheti. Cheti cha kitalu kutoka ofisi ya kilimo. Mwenye cheti anauzia mashule na mashamba makubwa ya kuelekea Limuru, anaweza kuajiriwa kufundisha, na hakuna anayemwita mchuuzi. Bila cheti, alisema, atakufa akiwa mtu wa kando ya barabara. Nilimjua miaka mingi, na sikumsikia akitaka kitu kingine kwa nguvu hiyo.

Mkaguzi, mama mmoja wa buti na faili, alikuja kuangalia kitalu, akagusa viungo vya miche, akasema kazi ni safi. Halafu akauliza miti mama, ile ya kukatia vijiti, iko wapi. Fundi akamweleza habari ya matawi. Mkaguzi alicheka, kisha akaona Fundi hacheki.

"Mzee, mti mama lazima nijue ni wa nani. Ukikatwa kesho nitaandika nini? Niletee karatasi, kila mwenye mti aweke sahihi kwamba anatambua tawi lako."

Fundi alifurahi. Aliona hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Aliandika karatasi kwa mkono wake, moja kwa kila mti, herufi nzuri za shule ya zamani, akaanza kuzunguka.

Kila mtu alimpenda Fundi, na hakuna aliyetaka kuweka sahihi. Watu waliomfungulia geti miaka yote, waliomletea chai juu ya ngazi, walipoiona karatasi walirudi nyuma. Nairobi sahihi imekula mashamba ya watu. Mtu anajua jirani aliyetia kidole kwenye karatasi asiyoielewa akaamka hana ploti. Nilikwenda naye kwa shosho, nikiamini heshima yangu itasaidia.

"Hii karatasi inasema mti ni yake?" shosho akauliza.

"Tawi, shosh. Tawi peke yake."

"Leo ni tawi. Kesho ni mti. Na hiyo mti imesimama wapi? Si kwa shamba yangu?"

"Mama, mi sitaki shamba," Fundi akasema. "Mi sina hata nchi, nitafanya nini na shamba yako?"

"Ndio hiyo naogopa," shosho akasema, na hakusema kwa ubaya. Alitujazia chai tena.

Njiani Fundi akaniuliza kama mimi ninaweza kutia sahihi kwa niaba ya shosho, kwa kuwa maneno yote ya ploti hupitia kwangu. Nikamwambia mimi ni keateka tu. Siku hiyo ndiyo nililigundua hilo.

Wachache walitia sahihi. Mama Atieno alitia, ingawa hakuwa na mti wala karatasi ya shamba lile la bwawa. Mkaguzi aliposikia hali, akasema atakuja mwenyewe Jumanne fulani, azungushwe, na akiuona mti wa maana wenye tawi la muda mrefu atajaribu kuuandika. Mti wa kwanza kwenye orodha ya Fundi ulikuwa wetu. Ulikuwa umebeba tawi lake kwa miaka saba.

Jumatano kabla ya Jumanne hiyo, kijana mkubwa wa shosho alinipigia simu. Mama alikuwa amezeeka, sasa ploti iko mikononi mwake, na anajenga ghorofa. Mti utoke kufikia Jumamosi. "Tafuta mtu wa powasoo," akasema, "na sitaki maneno na wapangaji."

Nilimwambia sawa. Ningeweza kusema, bosi, nipe wiki moja, kuna mtu ana shida na mti huu. Neno hilo nililiweka mdomoni siku tatu. Keateka halipi kodi ya nyumba, na keateka anayeleta maneno anatafutiwa mwingine. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nilikutana na Fundi Alhamisi, tukasalimiana, akaniuliza kama mti umetoa majani mapya kwa ajili ya mkaguzi, nikamwambia umetoa. Niliogopa. Sina jina lingine la kuliita jambo hilo, na nimelitafuta.

Jumamosi saa tatu asubuhi ulikatwa kwa powasoo, ule msumeno wa injini. Nilichagua saa hiyo kwa sababu Fundi angekuwa Silanga. Mama Brayo alitoka na mtoto mgongoni, akatazama, akaniuliza, "Umemwambia?" Tawi la mstari wa buluu lilipoanguka nilimwambia mtu wa powasoo asimame. Nililikata kwa panga, nikachagua vijiti vyote vilivyo na macho mazuri, nikavifunga kwa magazeti yaliyolowa na gunia juu yake, nikavipeleka kwenye kitalu kwa mkokoteni. Nilikusudia kuviacha kwa mama wa kuuza mahindi aliye jirani yake, niondoke.

Fundi alikuwepo. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake kifupi. Miche ya kienyeji, ile ya kubandikiwa, ilikuwa imepangwa mistari mbele yake na imenyweshwa maji. Vipande vya plastiki vya kufungia, ambavyo yeye hukata kutoka pakiti za maziwa, vilikuwa vimekatwa na kuwekwa kwenye sahani. Nilishangaa kumkuta hapo Jumamosi, lakini aibu haikuniachia mdomo wa kuuliza.

Akafungua gunia, akanusa kijiti kimoja. "Mumekata saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Basi iko na maisha. Kaa. Nipe ile plastiki."

Tulifanya kazi hadi jioni. Hakunilaumu. Hakuniuliza nani aliamua wala lini. Alisema tu, nikae vizuri, nisibonyeze jicho la kijiti, nikaze kamba. Ningependa angenitukana.

Jumanne mkaguzi alikuja, na Fundi alimpeleka kwanza kwenye kisiki chetu, mbele yangu, akamhesabia kwa vidole miaka ambayo tawi lake lilikaa pale. Kisha akampeleka kwenye ile miche ya siku tatu. Cheti hakupata. Lakini mkaguzi aliandika barua: miche hii ipandwe pahali penye idhini ya maandishi, yeye atarudi. Wazee wa kanisa la Riruta walikaa vikao vitatu, wakambariki na kipande cha ardhi kilicho nyuma ya vyoo, kwa barua yenye muhuri. Pengine kwa sababu ardhi ya kanisa haina mtu mmoja wa kulala akiiogopea. Miche mingine ilikufa. Iliyoshika aliipanda, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akichimba shimo la mti wake mwenyewe. Alilichimba refu kupita mahitaji. Baada ya miaka mitatu mkaguzi alitimiza ahadi, na Fundi akapata cheti.

Siku hizi anafundisha kupandikiza katika chuo kidogo cha ukulima nje ya mji, siku tatu kwa wiki, na shati jeupe limerudi. Kitalu kina wafanyakazi wawili. Ile ghorofa ilikamilika, na mwaka uliofuata kijana wa shosho aliiweka chini ya kampuni ya kukusanya kodi, ambayo ilileta keateka wake. Nilihama na godoro langu. Kwa hivyo hata nilichokilinda sikukipata.

Mwezi uliopita nilimwendea Riruta. Nilijisemea nakwenda kuuliza kazi, lakini kilichonipeleka ni kingine. Nilimkuta nyuma ya kanisa chini ya miti yake, anakunywa chai ya moto. Akanipa benchi na kikombe. Tulizungumza habari za watoto, na mguu wa Mama Atieno unaomsumbua. Kisha nikasema.

"Fundi, ule mti. Nilijua tangu Jumatano."

"Nilijua kama ulijua."

Nikamtazama.

"Mutu wa powasoo alinunua miche kwangu siku ya Ijumaa," akasema. "Alisema kesho iko na kazi karibu na steji, ploti ya avokado kubwa. Nilimwuliza nani amemwita. Alisema keateka."

"Sasa mbona hukukuja? Ungekuja asubuhi, ungepiga kelele. Mimi ningesimamisha."

Aliweka kikombe chini. Mambo ya huko alikotoka hakuwa ameyagusa tangu ile sentensi yake moja.

"Kule kwetu watu ya sare walikuja nyumba kwa nyumba," akasema. "Walisimamisha majirani mbele ya mulango yangu, wakawaambia chagueni, huyu ama nyinyi. Watu tulikula nao. Niliwaona uso wakichagua. Haikuwa watu wabaya." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Ile asubuhi ningekuja, ungenichagua mimi ama watoto yako, na mi ningekuona uso. Ile uso sikutaka kuiona kwako. Muti nilijua ni muti."

Mfanyakazi mmoja alipita na mkebe wa maji, Fundi akamfokea asimwage njiani.

"Na kama nisingeleta vile vijiti?" nikamuuliza mwishowe.

"Ningekaa mpaka jua izame," akasema. "Halafu nirudishe miche kwa kivuli."

Akanionyesha beseni la udongo uliotakiwa kuchekechwa, na kiti kifupi kilichokuwa kando yake.